Mashairi Yaliyofungia Omena

Vijana wa chumba cha kompyuta, siku mliponikatia keki ya kuniaga mlisema, "Mama Rispa, tuandikie mambo ya zamani kidogo, tuyaweke kwenye faili." Nimekaa nyumbani wiki tatu sasa, kuku wamenizoea, na nimeona afadhali niandike kabla sijaanza kuwasimulia hao kuku. Vyeo sitavitaja, wala mshahara. Vyeo vilichelewa kuja, mshahara uliwahi kwisha, na hakuna cha kujifunza hapo. Nitawaambia juu ya kazi, na juu ya kosa moja nililolifanya kwa mikono yangu hii miwili, kwa sababu najua huwa mnalisimulia nikitoka nje, na mnalisimulia vibaya.

Niliingia kiwanda chetu cha uchapaji mwanzoni mwa miaka ya themanini, mjane mwenye watoto watatu. Kiwanda kilikuwa palepale kilipo leo, hapa Kisumu, nyuma ya soko, lakini ndani hamngekitambua. Kulikuwa na mashine ya kuchapia iliyokanyagwa kwa mguu kama cherehani, na madroo ya mbao yaliyogawanywa vyumba vidogo vidogo, kila chumba na herufi yake ya madini ya risasi. Ukitaka kuandika "karibu" unaokota vipande sita, kimoja kimoja, unavipanga kwenye kijiti cha chuma mkononi. Wanawake walikuwa wa kufagia na kukunja karatasi. Mimi niliomba kupanga herufi. Tajiri wetu, mwenye kiwanda, alicheka mpaka akakohoa. Fundi mkuu, Mzee Zablon, akamwambia, "Mwache ajaribu. Mtu anayechagua mawe kwenye mchele hawezi kushindwa na hii."

Mzee Zablon alikuwa na sikio moja tu la kufanya kazi, lingine liliibwa na mashine, kwa hiyo aliongea nawe kana kwamba umesimama ng'ambo ya ziwa. Siku ya kwanza alinimwagia mezani mkebe mzima wa herufi zilizochanganyika, akaniambia, "Rudisha kila mtoto kwao." Ilinichukua siku nne. Herufi ya risasi imegeuzwa, tena mstari unausoma miguu juu kichwa chini, na mwezi wa kwanza nilienda nyumbani na kizunguzungu. Mwezi wa tatu nilikuwa nasoma hivyo haraka kuliko kawaida. Siku moja kanisani nikajikuta nimeshika kitabu cha nyimbo kichwa chini, naimba vizuri tu. Jirani yangu aliniombea, akidhani ni malaria imepanda kichwani.

Sheria za kiwanda zilikuwa chache, na ile iliyokuja kuniponza ilikuwa hii. Karatasi za mteja, yaani yale maandishi yake ya mkono, zilitungikwa kwenye kulabu juu ya meza. Kazi ikishachapwa, herufi zinaoshwa kwa mafuta ya taa, zinarudishwa kwenye madroo, na hapo karatasi zinashuka kwenye kulabu. "Herufi zikirudi, karatasi inashuka!" Mzee Zablon alikuwa akipiga kelele hiyo kila jioni. Nilifanya hivyo miaka, mpaka mikono ikawa haiulizi kichwa. Karatasi zilizoshuka tulimpa Dorina.

Dorina alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, hatua chache kutoka mlango wetu wa nyuma. Alizaliwa Usenge, kwenye ufuko wa wavuvi, na wengi walimwita Nyar Usenge, yaani binti wa Usenge. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye ulimi wa pilipili. Akikupimia omena wako kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, anakufungia kwa karatasi zetu: mitihani ya zamani, kadi za harusi zilizokosewa, hotuba za wakubwa. Mwenyewe hakujua kusoma hata herufi moja. "Mimi hizi karatasi nazijua kwa nguvu yake tu," alikuwa akisema. "Ya hotuba inapasuka haraka."

Jambo lingine mnalopaswa kujua ni njaa ya herufi. Herufi zetu ziliagizwa kutoka ng'ambo, zikiwa zimehesabiwa kwa lugha ya watu wa huko. E zilikuwa tele mpaka hatujui pa kuziweka. A zilikuwa chache, na Kiswahili kinakula a kama nzige. O nazo, kila Ijumaa zilituishia, kwa sababu Jumamosi ni siku ya mazishi, na programu ya mazishi ya huku kwetu ni majina: Otieno, Odhiambo, Owuor, Opondo, ukoo mzima unapanga foleni kwa o. Tukiwa na kurasa nane zimepangwa, madroo yanabaki yanalia. Hakuna kitabu tulichoweza kukipanga chote kwa mara moja. Unapanga kurasa nane, unachapa, unabomoa, unapanga nyingine.

Sasa nimlete Mwalimu. Mwalimu Silvano Oyoo alifundisha shule ya msingi hapa mjini, kwao ni Nyakach, karibu na Pap Onditi. Alikuja kwetu kuchapisha karatasi za mitihani, akangoja kwenye benchi, na kusema kweli hakuondoka kwenye benchi hilo kwa miaka kumi. Mrefu, mwembamba, koti moja la kijivu mvua na jua. Alikuwa mshairi. Watu walimcheka kwa mambo mawili. La kwanza, aliandika kwa Kiswahili wakati mji mzima unalia na kucheka kwa Kijaluo. "Mwalimu, hiyo lugha ni ya polisi na ya sokoni," walimwambia. Naye akajibu, "Basi inajua watu wengi." La pili, mashairi yake hayakuwa na vina. Yalianza yanapotaka na kukoma yanapochoka.

Jumamosi kiwanda kilifungwa saa saba mchana, na hapo ndipo kilipoanza kikao cha mashairi cha Mwalimu na wenzake. Tajiri aliwaachia benchi kwa sababu Mwalimu alimsomea mitihani bure kabla haijachapwa. Mwingine alikuwa Bwana Wekesa wa kaunta ya posta, mtu wa Bungoma, aliyeandika mashairi marefu yenye vina vilivyonyooka kama sare ya gwaride. Na Dorina. Alianza kwa kuleta omena, akakaa kupumzisha miguu, na hatukumwona tena akiinuka kabla ya jioni. Mimi nilibaki kwenye droo zangu nikirudisha herufi, nikisikiliza.

Mwalimu aliwawekea kanuni moja. Mtu akisoma shairi, hakuna ruhusa ya kulisifu wala kulikosoa mpaka kwanza urudishe ulichokipokea, useme mstari mmoja au miwili kwa kichwa bila kutazama karatasi. Kama hakuna aliyeweza kurudisha hata mstari, Mwalimu alilichana papo hapo, liwe lake au la mwingine. "Lisilobaki kwa mtu dakika tano halitabaki kwa kitabu," alisema. Bwana Wekesa aliumia sana na kanuni hiyo. Nakumbuka siku aliposoma shairi la beti ishirini juu ya Uhuru, akamaliza, akafuta jasho, akatutazama. Mwishowe Dorina akasema, "Mimi nakumbuka pale ulikohoa."

Dorina mwenyewe alirudisha kila kitu. Anasikia mara moja, anafumba macho, anakutolea shairi zima na pumzi ulizovuta. Siku Mwalimu aliposoma lile la reli, Bwana Wekesa aliruka kanuni akaanza kulalamika kwamba shairi bila vina ni sawa na ugali bila mboga. Dorina akamkata: "Wengine wetu tumekula ugali bila mboga, Bwana Wekesa, na tukalala tumeshiba." Kisha akarudisha:

Reli ilifika ziwani ikachoka.
Ikalala.
Sisi ndio tulioamka.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Sijasoma sana, lakini siku hiyo nilijua kwamba yule bwana wa koti la kijivu alikuwa anatufanyia kazi sisi sote, na hakuna aliyemtuma.

Miaka ikaenda. Mwishoni mwa themanini upepo wa nchi ulikuwa mbaya, na karatasi yoyote yenye maneno ingeweza kumtia mtu matatani. Mwalimu mmoja, rafiki yake Mwalimu Oyoo, aliulizwa maswali na polisi siku mbili nzima kwa sababu ya karatasi zilizokutwa kwenye kabati lake. Mwalimu Oyoo alienda nyumbani Nyakach akachoma madaftari yake yote jikoni. Kabla ya kuchoma alinakili mashairi ishirini na mawili, yale aliyoyaona yamekomaa, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Bunda hilo alilificha mpaka hali ilipolegea kidogo mwanzoni mwa tisini. Akanunua karatasi kidogo kidogo, akamwendea tajiri, tajiri akakubali. Akaniletea bunda mimi mwenyewe. "Rispa," aliniambia, "haya ndiyo maisha yangu yote. Hakuna mengine popote." Nikayatoboa kwa pamoja, nikayatungika kwenye kulabu. Sikuwa nimewahi kufurahia kazi namna hiyo.

Nilipanga kurasa nane za kwanza, mashairi manne. Nikapiga prufu, yaani karatasi ya kusahihisha, Mwalimu akaichukua aisome, arudi Jumamosi. Alhamisi hiyo tukaletewa programu ya mazishi ya mzee mmoja mwenye wake wanne. Majina yalijaza kurasa sita. Nilipofika kwa wajukuu, o zikaisha, na a zilikuwa zimekwisha zamani. Zote zilikuwa zimefungwa ndani ya mashairi. Mzee Zablon alikuwa kwao na homa. Nikamwambia tajiri, naye akajibu bila kuinua kichwa, "Bomoa. Mashairi yatangoja. Maiti haingoji."

Nikabomoa. Mpaka hapo sikuwa na kosa, kwa maana maandishi yalikuwa juu kwenye kulabu, ningepanga upya Jumatatu. Ijumaa tulichapa mazishi kutwa nzima. Saa kumi na moja jioni nikaosha herufi, nikazirudisha kwenye madroo, nikatazama meza: tupu, safi. Mikono yangu ikaenda juu kwenye kulabu, ikashusha kila kitu, mazishi na mashairi pamoja, ikakunja. Kichwa kilikuwa kinawaza unga wa jioni. Dorina alikuwa mlangoni na kikapu. "Leo zako ni nyingi," nikamwambia. "Ero kamano, Rispa," akanishukuru, "nilikuwa naogopa kesho nitafungia watu mkononi."

Jumamosi saa saba Mwalimu akaja na prufu yake imejaa alama nyekundu, ana furaha ya bwana harusi. Bwana Wekesa akaja. Dorina akaja mwisho, na kama kawaida akamwekea Mwalimu mapajani kifurushi cha omena cha kupeleka nyumbani. Mwalimu akakitazama. Akageuza upande. Akavaa miwani. Niliona midomo yake ikisoma.

"Nyar Usenge," akasema polepole, "hii karatasi umetoa wapi?"

"Kwa Rispa. Kwani iko na nini?"

Nikatazama kulabu. Haki ya Mungu, nilitamani sakafu ipasuke. Niliongea kabla machozi hayajanizuia: nilibomoa, nikasahau, nikashusha, nikampa. Maneno manne, na kila moja lilikuwa langu.

Dorina ndiye aliyepiga kelele. "Yaye! Mwalimu, nimeuza kichwa chako na omena! Asubuhi yote! Mtaa wa Obunga wote umeenda nacho!" Akajipiga kifuani, akakaa chini sakafuni, yeye ambaye hakuwa anaweza kuinuka kirahisi.

Mwalimu hakupiga kelele. Afadhali angenitukana. Alikunja kile kifurushi vizuri, akakiweka kwenye benchi, akasimama. "Madaftari nilichoma mwenyewe," alisema. "Na haya yameondoka yenyewe. Mtu akiambiwa mara mbili, asikie. Mimi naacha." Akaiacha prufu pia palepale benchini. Tulimwona akivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia.

Sikula siku hiyo. Jumapili baada ya kanisa Dorina alikuwa mlangoni kwangu amevaa viatu vya kutembea. "Simama," akasema, "wateja wangu nawajua kwa majina na kwa madeni." Tukaingia Obunga nyumba kwa nyumba. Kuna mama aliyekuwa amewashia jiko karatasi yake, akatuonyesha majivu, akatuomba msamaha kana kwamba ni yeye mkosaji. Kuna aliyefungia sabuni. Kuna mzee aliyekuwa ameitunza kwa sababu, alisema, "iko na maneno mazuri, sijamaliza." Nikamkumbatia mzee wa watu. Kwa mama mmoja tuliikuta imebandikwa ukutani kwa uji wa unga, pamoja na magazeti, kuziba upepo. Akatukatalia katakata kuibandua. "Ukitoa hapo, mtoto wangu anakohoa." Basi nikasimama juu ya stuli yake nikanakili shairi kutoka ukutani, na Dorina ameshika taa ya mkebe, kwa maana dirisha halikuwepo. Siku tatu za kuzunguka, pamoja na kile kifurushi cha benchini, zilitupatia mashairi sita, yote yakinuka ziwa. Ukiongeza manne ya prufu, kumi. Kumi na mawili yalikuwa hayapo tena duniani.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu hakuja. Bwana Wekesa alienda shuleni, Mwalimu akamwambia kwa adabu kwamba ana madaftari ya watoto ya kusahihisha. Tukakaa watatu kwenye benchi. Mimi nilikuwa nimeketi hapo kwa mara ya kwanza, na nilijiona mwizi. Ndipo Bwana Wekesa, ambaye sikuwahi kumpenda sana kabla ya siku hiyo, akasema, "Kanuni ni yake mwenyewe. Anayepokea anarudisha. Si tulipokea? Turudishe."

Dorina akamtazama. "Yote?"

"Yote yaliyobaki kwa mtu."

Nikaleta kijiti changu. Sikuandika kwenye karatasi, maana kwa hali yangu wakati ule hata karatasi nilikuwa naiogopa. Dorina alifumba macho, akasema mstari, nami nikaupanga hapohapo kwa risasi, herufi kwa herufi, kutoka mdomoni mwake. Nikichelewa anangoja. Nikikosea pumzi ananisimamisha: "Hapana, hapo Mwalimu alinyamaza kidogo." Nikaweka nafasi. Mzee Zablon alikuwa amepona, akaja kusimama nyuma yetu na sikio lake moja, akapiga kelele, "Miaka thelathini sijaona kazi inayopangwa hivi!" Jumamosi nne Dorina alirudisha mashairi manane. Bwana Wekesa akarudisha mawili. La kumi na moja nililirudisha mimi, na sikujua nalijua. Nilikuwa nimelipanga mwanzoni na kulibomoa mara mbili kwa sababu ya upana wa ukurasa, nikaliweka kando lisiingie kwenye prufu ile, na nilipofumba macho vidole vyenyewe vilianza kwenda kwenye madroo. Nililia nikiwa napanga. Risasi haina shida na machozi, inaoshwa tu.

Shule zilipofungwa tulienda Pap Onditi sote watatu, na prufu mpya ndani ya mfuko wa unga. Mwalimu alikuwa shambani kwake anapalilia mtama. Akatukaribisha chai, akaongea juu ya mvua. Nikamwekea karatasi mezani. Hakuzigusa kwa muda mrefu. Mkewe ndiye aliyezisukuma mbele yake, akasema, "Baba, wageni wametoka mbali."

Akasoma la kwanza, la pili, la tatu. Uso hauonyeshi kitu. Kisha akapiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Nani ameweka kina hapa?"

Bwana Wekesa akakohoa. "Ilionekana inahitaji kidogo."

"Inahitaji! Wekesa, wewe ukipewa mbuzi wa mtu kumchunga utamvalisha tai?" Akaomba kalamu. Akafuta, akaandika, akafuta tena. Mkewe alinitazama, akaniminya mkono chini ya meza. Nilikuwa sijaona hasira nzuri namna ile maishani mwangu. Alipotulia nikamwuliza kwa nini hayakumbuki mwenyewe, atusaidie. Akacheka kwa huzuni. "Rispa, mimi nakumbuka mistari yote niliyoifuta. Ile niliyoibakiza ndiyo sina."

Kisha akanitazama, akasema kile nilichokuwa nimekingoja wiki zote zile. "Mikono yako haikunichukia. Ilikuwa tu imefundishwa vizuri."

Muhula mpya alirudi kwenye benchi. Mashairi yalikuwa ishirini na moja. Moja lilitushinda, lile la Usenge. Sote tulikumbuka kwamba lilikuwepo, kwamba lilikuwa juu ya wavuvi wa omena na taa zao, na kwamba siku aliposoma Dorina alitoka nje kujipangusa macho. Basi. Mwalimu alisema tuliache, kitabu kitoke na pengo. Nikachapa kurasa nane za kwanza, nikabomoa, nikachapa nyingine, na safari hii karatasi hazikushuka kwenye kulabu mpaka kitabu chote kikauke.

Tulipokaribia mwisho, Jumatano moja Dorina akaingia kwa mlango wa nyuma, mikono bado ina magamba. "Nimelikumbuka," akasema. "Lile la Usenge. Panga haraka kabla sijasahau." Akafumba macho. Nikapanga. Kuna mahali mkono wangu ulisita, lakini yeye hakusita, nami sikuwa mtu wa kuuliza wakati huo.

Jumamosi Mwalimu akachukua prufu ya ukurasa huo. Alikuwa ameshika kalamu nyekundu. Akasoma kwa sauti:

Omena ni mdogo, lakini ana macho mawili.
Usiku anaona taa, anafikiri ni asubuhi.
Mimi pia niliona taa, nikaja Kisumu.
Sasa tuko pamoja sokoni, yeye juu ya gunia, mimi nyuma ya gunia,
tunangoja asubuhi ile ya kweli.

Kalamu haikushuka. Alisoma tena kimoyomoyo.

"Nyar Usenge," Mwalimu akasema, "hili mimi niliandika lini?"

"Mimi najua tarehe zako? Nimekumbuka tu."

"Mama, mimi sijawahi kukaa nyuma ya gunia."

Dorina akaanza kukunja na kukunjua kitenge chake. Kisha ukali ukamrudia. "Sasa ulitaka nifanye nini? Mimi ndiye nilifungia watu kitabu chako. Nyavu ikitoboka unangoja mwenyewe aliyeisuka? Unashona na uzi uko nayo! Kama ni mbaya, toa."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa lile koti la kijivu, akaivaa, akaifuta tena. "Si mbaya," akasema. "Nimeandika miaka ishirini nikitafuta hilo la gunia." Akanigeukia. "Rispa, shairi hili si langu. Weka jina la mwenyewe hapo juu."

"Mimi sina haja na jina!" Dorina akasema. "Weka Mwalimu, watu wanamjua."

"Dorina, mimi sili samaki wa mtu. Weka, Rispa."

Nikaenda kwenye droo nikachagua: Dorina Akeyo. Nikayafunga juu ya shairi, nikapaka wino, nikalaza karatasi, nikaminya. Nikampa Dorina ikiwa mbichi. Aliishika kwa pembe mbili, mbali na nguo, akaitazama kwa muda.

"Jina ni lipi?"

Nikamwonyesha.

"Ni refu hivyo?"

"Ni refu hivyo."

"Na mimi nikifa, hii inabaki?"

"Inabaki," Mwalimu akamjibu. "Sasa iko kwenye kitabu. Mtu ambaye hajazaliwa ataisoma."

Dorina akairudisha mezani taratibu ili wino usichafuke. Akavuta benchi karibu na droo zangu, akakaa, akafumba macho.

"Basi chukua kijiti chako, Rispa," akasema. "Niko na lingine."